Waa Namba Mia Tatu na Kumi na Saba

Wenzake walimwita Jicho, nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka. Aliingia ofisi ya picha za anga kama mfuta vumbi, akapanda hadi kuwa mwandishi wa orodha ya galaksi. Ilimchukua miaka kumi na mdomo mrefu. Shule aliiacha njiani, au yenyewe ndiyo ilimwacha. Hilo tusilichimbe.

Kazi yenyewe ni hivi. Picha za kundi moja la galaksi, kule anga ya kusini, huwekwa kwenye skrini, naye anazikagua kipande kwa kipande. Galaksi kubwa hazina ujanja, hata mwenye usingizi anaziona. Zinazotafutwa ni zile hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Kitu hakiandikwi mpaka kiwe kwenye picha mbili za siku tofauti, na watu wawili wakione. Hiyo sheria ya watu wawili ilitungwa kwa ajili yake, baada ya kuandikisha galaksi iliyokuja kugundulika kuwa ni alama ya kidole gumba chake mwenyewe.

Asubuhi hiyo aliikalia miwani yake kwenye kochi. Krak! Kioo kimoja kikapasuka. Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba watoto, chumvi ya mezani huioni, sembuse hayo ya mbinguni?"

"Mimi ni mtu wa kuona mbali. Chumvi ni mambo madogo."

Orodha ilikuwa ifungwe saa sita mchana. Saa tano akamwita mkuu wake, Daktari, mama mwenye miwani nene na subira nyembamba.

"Hiki hapa, chini ya hizi nyota mbili. Kimo kwenye picha zote mbili."

Daktari akainama, pua karibu iguse skrini. "Naona chenga tupu, kama za televisheni mbovu. Umefuta skrini?"

"Mara tatu."

"Kwa kitambaa au kwa kidole?" Wenzake wakaangua kicheko. "Mzee wangu, ukiniletea kidole kingine, kesho unarudi kwenye ndoo. Sitanii."

Jicho alishamwambia kinyozi wake kuhusu galaksi hiyo mpya, na kumwambia kinyozi ni kutangaza. Akaisogeza picha, waa likaenda pamoja na nyota. Si uchafu wa skrini, basi. Akatoa mfukoni miwani yake mbovu, akaivaa ahakikishe: waa likatoweka, zikabaki chenga. Akaivua: likarudi.

"Daktari, vua miwani."

"Nini?"

"Vua, mama. Rudi nyuma hatua tatu."

Daktari akavua kwa hasira, akarudi nyuma, akagonga kiti. Chenga zilikuwa zimeyeyuka kwenye ukungu wa macho yake, na katikati kimekaa kitu chepesi, kimelala ubavu.

"Kama yai," akasema polepole.

Hakumpongeza, thubutu! Aliketi, akaiamuru kompyuta izitie picha zote mbili ukungu vilevile, kisha akapima. Yai lilikuwepo, mahali palepale.

"Miaka ishirini kazini, leo nafundishwa kutoona vizuri."

"Karibu darasani," akajibu Jicho.

Saa sita kasoro dakika nne ikaandikwa: namba 317, hafifu sana, umbo la yai. Kwenye safu ya maelezo Daktari akaongeza kwa mkono wake: "Imeonwa na watu wawili, wote bila miwani."

Jioni Jicho alimsimulia mkewe kisa chote, kifua mbele, huku akinyoosha mkono kuchukua chumvi. Akatia sukari.