Jibini Nililomfungia Mgeni

Leo shangazi, mwandaaji wa mikutano ya chama cha wafanyabiashara wa Ufaransa na Marekani, alinipeleka mkutanoni Eden Prairie, mji wa Marekani, nimsaidie mezani. Bibi mmoja Mmarekani aliaga mapema. Nyumbani kwetu mgeni haondoki bila kufungiwa chakula, basi nikamfungia kijibini kilichokuwa kimefunikwa pembeni. Nikajiona nina adabu kweli!

Mara Mfaransa mmoja, mtengenezaji wa jibini, akasimama mbele ya wageni wenye maduka. "Nimeleta kijibini kimoja tu. Mkikipenda, tunaanza biashara leo." Akafunua. Sahani tupu!

"Nani kakichukua?" shangazi akauliza, jasho linamtoka.

Mlango ukafunguliwa, yule bibi karudi kuchukua glavu zake.

"Binti yangu!" akaniita. "Mume wangu kakimaliza kile kijibini chote garini. Hakuna kingine?"