Seva Iliyoandika Kila Kitu

Naungama: wiki nzima niliisingizia seva. Kiwandani kwetu, Mkuyuni, ambako mimi ni fundi wa kompyuta, hati zote zinakaa kwenye seva ya Linux, na kompyuta za Windows za ofisini zilikuwa zinachukua dakika tatu kufungua hati moja. Minofu ya sangara iko kwenye barafu, lori linasubiri hati. Nikamwambia meneja mashine imezeeka, tununue nyingine.

Jana Mama Kabula, karani wetu, akaniuliza mbele ya meneja, "Mihayo mwanangu, kwani hiyo mashine muda wote inafanya nini?"

Nikaingia kwenye seva huku wakinitazama. Jamani! Ilikuwa inaandika. Kila faili lililoguswa, nani kaligusa, sekunde gani, mistari isiyo na mwisho, bila kuchoka, bila kukosea jina hata moja. Niliitazama kwa heshima, kama niko kanisani. Kumbe ukiiomba hati moja, inajaza kwanza kurasa za kumbukumbu.

"Nani kaiamuru iandike hivyo?" meneja akauliza.

Nikafungua mipangilio. Mama Kabula akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti maelezo yaliyoachwa juu ya amri hiyo: "Iandike kila kitu, natafuta hitilafu. Nitazima kesho. Mimi, Mihayo."