Kambale Mmoja Tu

Madame Rébecca Kaswera hakuwa mtu mpole, na hakuna sababu ya kumsingizia upole hapa. Akikaripia darasani Vulamba, mtaa wa mlimani Butembo, akina mama wauza ndizi wa barabarani walinyamaza. Wanafunzi wake wa zamani, ambao leo wana ndevu na maduka katikati ya mji wa Butembo, wakikutana naye bado huficha mikono mfukoni wakiogopa atakagua kucha. Alizaliwa Kayna. Vita ya kwanza ilimkimbiza yeye na mama yake, ya pili ikamkimbiza tena, safari hii akiwa na diploma yake ya ualimu ameifunga ndani ya kitenge. Mwaka wa 2004 alianza kufundisha Butembo, na tangu siku hiyo serikali haikumlipa hata mara moja. Jina lake lilikuwa limetumwa Kinshasa. Aliambiwa asubiri, naye alisubiri miaka kumi na mitano, akiwa amekasirika miaka yote kumi na mitano.

Waliokuwa wakimlisha ni wazazi wa watoto. Kila mmoja alitoa kidogo, mwenye kuchelewa alichelewa, asiye na kitu alileta maharagwe. Kisha Septemba 2019 ikaja sheria ya gratuité: shule ya msingi ni bure nchi nzima, asiyeweza kulipa asifukuzwe tena, serikali itabeba mzigo. Madame Rébecca aliisikia redioni akiwa anamenya viazi na mumewe Lusenge, na alifurahi kweli, kwa sababu alishachoka kuwarudisha nyumbani watoto wa watu maskini kwa mkono wake mwenyewe. Wiki iliyofuata wazazi waliacha kulipa, kama walivyoamriwa. Serikali nayo haikuanza. Lusenge alimwambia abaki nyumbani walime viazi. Alimjibu kwamba viazi havihitaji kufundishwa kusoma, kesho yake akaenda shule.

Ndipo watoto wa kaskazini ya Beni wakafika. Mwishoni mwa mwaka ule mauaji yalizidi katika vijiji vya huko, na watu walishuka Butembo na magodoro kichwani, wengine bila hata godoro. Familia za Vulamba ziliwapokea, watu kumi katika chumba cha wanne. Januari, watoto sitini na watatu walikuwa wamejazana mbele ya ofisi ya Directeur Phinées, mkuu wa shule, wakitaka kusoma. Shule haikuwa na chumba wala benchi la ziada. Phinées, mtu wa kupenda amani kupita kiasi, aliwaomba wazazi wa komite ya shule wavumilie, akafungua darasa la mchana kwa ajili ya wale waliokimbia vita. Mwalimu wake akawa Madame Rébecca, ambaye asubuhi alikuwa na darasa lingine. Hakuna mwingine aliyekubali.

Komite iliweka sharti moja. Katika sheria ile mpya kulikuwa na fungu la watoto waliokimbia vita: shule iliyowapokea ingepewa mabenchi, chumba cha mbao na mshahara wa mwalimu mmoja, kwa hesabu ya watoto walioandikwa. Basi waandikwe. Wakikubaliwa na serikali watabaki, wasipokubaliwa watoke, kwa maana watoto wa Vulamba wenyewe walikuwa wanakaa wanne wanne kwenye benchi moja. Madame Rébecca aliona sharti hilo ni la haki. Aliichukua karatasi, akaijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Karatasi ilitoka Kinshasa, na aliyeichora alikuwa mtu wa haraka: iliuliza jina la mtoto na kijiji alikotoka, basi. Madame Rébecca aliandika kama kila Munande, mtu wa kabila la huku, angeandika. Kwetu jina la kwanza la mtoto halichaguliwi, anazaliwa nalo. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka. Msichana wa kwanza ni Masika. Kila nyumba inao, na hakuna anayewachanganya, kwa sababu kila mtu anajua huyu ni wa nani. Jina la ubatizo linafuata, lakini karatasi haikulitafutia nafasi. Watoto walikuwa wametoka vijiji viwili tu. Akaandika Kambale wa Mbau, akaandika Kambale mwingine wa Mbau, na mwingine, mpaka wakafika kumi na mmoja. Halikumjia kabisa wazo kwamba kuna mtu atakayesoma majina yale na asione watoto. Kosa lake lilikuwa hilo tu.

Karatasi ilirudi mwisho wa Februari. Majina arobaini na moja yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni ilikuwa imeandikwa kwamba ni majina yaliyorudiwa, ya watoto wasiokuwepo, na kwamba mwalimu aliyeyaandika aonywe. Kambale wa Mbau alibakizwa mmoja. Masika alibakizwa mmoja. Madame Rébecca alisoma, akasoma tena. Mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano hajapokea hata senti ya serikali alikuwa anaitwa mwizi wa serikali.

Hakusubiri hata kubadili viatu. Alishuka na vumbi lake la chaki mpaka kwenye ofisi ya wale waliohakiki orodha, mjini, akakuta nyuma ya meza Monsieur Étienne, mtu wa magharibi ya nchi, aliyekuwa na miezi mitatu tu Butembo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alimpa kiti. Alimweleza kwa heshima kwamba katika majimbo mengine watu wamevumbua shule nzima nzima, walimu wake, watoto wake, mpaka paa, wakala pesa, na kwamba yeye ameletwa kukomesha mchezo huo. Madame Rébecca alimweleza habari ya majina tangu mzaliwa wa kwanza hadi wa mwisho. Alijitolea kuongeza majina ya ubatizo siku ileile. Étienne alisema orodha ikishaingia haibadilishwi hata herufi. Lakini alikuwa na ruhusa ya jambo moja: angefika shuleni mwenyewe Alhamisi, aite majina yaliyokatwa, na kila atakayeitika atarudishwa.

Alirudi Vulamba karibu akiimba. Jumatano aliwaambia watoto waje wameoga.

Alhamisi mchana Étienne alifika kwa jeep, na kwa kuwa mlima wa Vulamba ulikuwa na sifa mbaya wakati ule, alikuja na askari wawili wenye bunduki. Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani, wote sitini na watatu, mafuta yakiwang'aa usoni. Étienne alishuka, akafungua karatasi yake, askari wakasimama huku na huku. Akasoma kwa sauti nzuri, ya mtu aliyesoma: Kambale, wa Mbau.

Hakuna aliyeitika.

Akarudia. Madame Rébecca aliwatazama, akidhani hawajasikia. Walikuwa wamesikia. Wote walikuwa wakitazama chini, na hata wadogo, ambao siku nyingine huwezi kuwanyamazisha kwa fimbo, walikuwa wamekaza midomo. Akaitwa Masika, kimya. Akaitwa Kasereka, kimya. Étienne alisoma majina yote arobaini na moja bila kuruka hata moja, na kila baada ya jina alisubiri kwa uaminifu, akaweka alama yake. Madame Rébecca aliwasihi, kisha akawakaripia kwa ile sauti ya kunyamazisha barabara, na hakuna aliyeinua kichwa. Wazazi wa komite waliokuwa ukutani walianza kunong'onezana.

Akamvuta pembeni Masika mmoja, yule aliyebatizwa Falonne, mkubwa kuliko wengine, akamuuliza kwa nini wanamfanyia hivi. Msichana alijibu polepole, macho yakiwa kwa askari.

"Madame, kule kwetu bantu ba tenue ya askari balikuyaka na karatasi, banasoma majina. Bale baliitika, hatukubaona tena. Mama alisemaka, mutu mwenye bunduki akisoma jina yako, haiko yako."

Madame Rébecca aligeuka, akawatazama askari wale wawili. Hasira iliyompanda wakati ule haikuwa na mtu mmoja wa kumwangukia. Iliwaangukia wauaji, na wale waliopaswa kuwazuia wauaji, na aliyechora karatasi, na mwanamume yule mwenye adabu anayepiga mstari, na yeye mwenyewe aliyewaogesha watoto na kuwasimamisha mbele ya bunduki ili waitwe majina. Aliwaomba askari warudi nyuma ya jeep. Walirudi, kwa kweli, mmoja akiwa amejiinamia kwa aibu. Kisha akawaita watoto yeye, bila karatasi, kwa Kinande, kila mmoja kwa jina la mama yake: Kambale wa fulani, Kambale wa fulani. Nao waliitika, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa arobaini na moja.

Étienne aliwaona. Aliwaona kwa macho yake na alikuwa amejua ukweli. Uso wake ulionyesha. Lakini alisema utaratibu unataka waitikie sauti ya mhakiki, si ya mwalimu wao, maana mwalimu anaweza kuwafundisha watoto wa jirani kuitika jina lolote. Angefanyaje, aliuliza, wakimwuliza Kinshasa? Akamnyooshea karatasi atie sahihi kwamba ameshuhudia majina yakiitwa na hayakuitikiwa. Madame Rébecca alisema angeandika kilichotokea kweli. Étienne akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba karatasi yenye ubishi inarudishwa yote, na wale ishirini na wawili waliokubaliwa watapotea pia.

"Nakuomba, Maman," alisema. "Okoa wale unaoweza."

Alitia sahihi. Usiku ule hakula, na Lusenge alipojaribu kumfariji alimfukuza jikoni.

Jumatatu mchana Directeur Phinées alisimama mlangoni mwa darasa na orodha mkononi, wazazi wawili wa komite nyuma yake. Hakulala vizuri, ilionekana. Watoto wachache wenye majina yasiyofanana na ya wengine waliingia. Kisha Phinées akasoma Kambale, wa Mbau, na wavulana kumi na mmoja wakasogea mbele, kwa maana mlangoni hapakuwa na bunduki. Phinées alitazama karatasi, akawatazama wao, akamgeukia Madame Rébecca kwa unyonge na kumwomba achague. Serikali inamjua mmoja tu. Ni yupi?

Aliwatazama. Kulikuwa na yule aliyejua kusoma tayari, na yule asiyesema, na yule aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni kila siku kutoka bonde la chini. Mwanamke huyu alikuwa ametii karatasi tangu mwaka wa 2004. Alitii aliposubiri mshahara, alitii alipofundisha asubuhi na mchana, alitii Alhamisi. Kitu ndani yake kilikatika, na hakikukatika kwa huzuni.

"Directeur, Leta, serikali yenyewe, ilisoma hii liste mara mbili," alisema. "Ilisema hawa bote kumi na moya beko mutoto moya. Miye niko nani wa kubisha na Leta? Bon, mutoto moya njo huyu. Aingie."

Akawasukuma wote kumi na mmoja kwa mpigo mmoja, akasimama kizingitini ili mlango usifungwe. Kisha akawaita akina Masika, ambao nao kwa serikali walikuwa msichana mmoja, na wengine wote waliokatwa, kila kundi kwa jina lake moja lililokubaliwa. Mzazi mmoja wa komite alifungua kinywa. Phinées, mpenda amani, alimshika mkono, akakunja ile orodha na kuitia mfukoni. Alisema kwamba majina yote aliyotumiwa yameingia, na hakuna hata moja lililozidi.

Mabenchi ya serikali yalifika wiki iliyofuata, ya watoto ishirini na wawili. Kambale alipewa nafasi moja, upande wa dirisha, na aliikalia kwa zamu. Siku zisizokuwa zake alikaa chini kwenye udongo, mara kumi kwa wakati mmoja, daftari juu ya magoti.