Mbwa Aliyeogopa Fagio

Juzi ndani ya basi nilimwona mama mmoja amempakata mtoto wa mbwa, nikaikumbuka nyumba tuliyopanga Kariakoo, miaka ile ya foleni za unga.

Nilikuwa nimeokota mbwa nyuma ya soko, mbavu nje. Siku hizo mbwa asiye na mwenyewe alikuwa akipigwa risasi na watu wa jiji, kwa hiyo nilimweka uani, nikamzoeza watu mpaka apatikane wa kumchukua. Tatizo lake fagio. Akiliona tu, anajikojolea.

Mama mwenye nyumba, mtu wa swala tano, hakumgusa. "Asinisogelee nguo tu, mwanangu," aliniambia. Lakini kila asubuhi, akipita mbele yake, alilificha fagio nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari.

Siku moja mlinzi kutoka Upanga akaja kumtazama, fimbo mkononi. Mbwa akajibana ukutani, anatetemeka.

"Mwoga huyu, dada. Simtaki."

"Hebu weka chini hiyo fimbo, baba," mama mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni. "Chuchumaa, umwite. Nani anakimbilia fimbo?"

Mlinzi akacheka, akachuchumaa. Mbwa akasogea polepole, akamnusa, akamlamba kiganja. Akachukuliwa.

Walipokuwa wanatoka, mama mwenye nyumba aliwafuata hadi barazani.

"Akisusa, msongee ugali laini, umtilie mchuzi wa dagaa. Ukiwa wa moto hauli."

Niligeuka kumtazama. Akajifunga kanga upya, macho barabarani. Na mimi siku zote nilijisifu kwamba namlisha peke yangu.