Mpagazi Aliyesimama Wima Kwenye Darubini

Utacheka, najua. Basi cheka kwanza, mimi nitakungoja, na ukimaliza unisikilize. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa na mzee wa kanisa. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nakunywa harusini tu, na hata huko nakunywa kwa adabu. Haya ninayokusimulia niliyaona asubuhi, jua limeshapanda, nikiwa mzima wa akili na tumbo lina uji. Asiyeamini aende Mjimwema, hapahapa Njombe, akamuulize dada yangu Salome, yeye hana tabia ya kupamba maneno.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimeshakwisha. Wakubwa walikuwa wanatafuta namna ya kuirefusha reli ya kati ishuke hadi nyanda zetu za juu, na kikosi chetu kilipewa kazi ya kupima tawi moja: kutoka Makambako, lipite Njombe, liende mpaka Ludewa kwenye chuma na makaa ya mawe. Makambako ya wakati huo usiifikirie hii ya leo. Ilikuwa njia panda, maduka machache ya Wahindi na upepo usiokwisha. Lakini sisi vijana tulishaliona treni kichwani. Tulibishana stesheni ya Njombe itajengwa wapi na nani atakuwa wa kwanza kupanda.

Mkuu wa kikosi alikuwa Mzungu mmoja mwembamba tuliyemwita Bwana Mpima. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka ya kudumu, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma shule ya misheni na nilijua namba, alinipa kazi ya kusimamisha darubini ya kupimia juu ya miguu yake mitatu. Aliyeshika mti wa kupimia kule mbele, ule mrefu wenye rangi nyekundu na nyeupe, alikuwa shemeji yangu Alanus, mume wa Salome.

Alanus alikuwa Mkatoliki kutoka Mawengi, upande wa Ludewa. Baba yetu alikataa ndoa ile mpaka akachoka kukataa. Mtu mcheshi, hodari wa kazi, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile. Siku tunaondoka, Salome alikuwa na mimba yao ya kwanza, akanishika mkono wa koti akaniambia, "Kaka, umenichukulia mume wangu. Utanirudishia mwenyewe." Nikamjibu kwamba tunakwenda kupima reli, hatuendi vitani. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Sasa kuna jambo la darubini zile za zamani nikueleze, maana bila hilo hutanielewa. Ukichungulia ndani yake, dunia yote imegeuka. Mbingu iko chini, nyasi ziko juu, na mtu aliyeshika mti ananing'inia kichwa chini kama popo. Ndivyo vioo vyake vilivyotengenezwa. Siku za kwanza kichwa kinauma, baadaye unazoea. Mimi nilimzoea Alanus akiwa miguu juu kiasi kwamba nilikuwa namtania jioni, namwambia leo nimemwona amesimama sawasawa nikadhani mgeni.

Kati ya Makambako na Njombe kulikuwa na mgongo wa kilima ambao reli ilitakiwa iuvuke. Ni nyasi tupu, huwezi kuokota hata jiwe la kumfukuzia mbwa. Lakini palepale juu, kando ya njia ya miguu, palikuwa na lundo kubwa la mawe. Wenyeji walipaita Kwa Mpagazi. Wakati wa vita vya Mjerumani mpagazi mmoja, hakuna aliyejua jina lake wala kwao, alifia hapo na mzigo ukiwa bado kichwani, akafukiwa kando ya njia. Tangu hapo, kila mpita njia anapovuka kijito cha bondeni anaokota jiwe, anapanda nalo, anaamkia "Kamwene", analiweka, anakwenda zake. Hata bibi yangu, Mkristo wa kushika maombi, hakuwahi kupita pale mikono mitupu.

Jioni moja Bwana Mpima alitaka bikoni ijengwe juu ya mgongo ule, yaani ile nguzo ya mawe yenye bendera inayolengwa kwa darubini. Alitaka ikamilike kabla ukungu haujashuka. Saruji ilikuwepo, mawe hayakuwepo, na kijito kilikuwa mbali bondeni. Mimi nilikuwa kambini nafunga vyombo. Alanus akatazama huku na huku, akaliona lile lundo. Vibarua wa Kibena wakakataa kuligusa. Yeye akawacheka, akayabeba mwenyewe mpaka akamaliza bikoni. Usiku pale motoni nilipomgombeza, alisema mawe ni mawe, na treni likifika atamwekea mzee wa watu behewa zima la kokoto. Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, nisikudanganye.

Asubuhi yake Bwana Mpima akarudi nyuma kukagua vigingi. Akaniachia darubini upande wa pili wa bonde, na Alanus akapanda juu kusimama kando ya bikoni. Ukungu ulikuwa unapita vipande vipande, baridi ile ya Njombe ya mwezi wa sita unayoijua. Nikachungulia.

Alanus alikuwepo, kichwa chini kama kawaida, ameushika mti wake. Na pembeni yake alisimama mtu mwingine, kichwani ana mzigo mkubwa uliofungwa kamba. Huyo alikuwa wima. Miguu yake iko chini na kichwa kiko juu, ndani ya kioo ambacho hakijawahi kumwonyesha mtu yeyote hivyo.

Nikainua macho nikatazama kwa macho matupu. Alanus yuko peke yake. Nikafuta kioo kwa shati, nikachungulia tena. Yule mtu sasa alikuwa amesogea, anamwinamia Alanus kama mtu anayeomba kupokewa mzigo. Na Alanus akanyoosha mikono kuupokea. Wewe ungefanyaje? Kwetu mtu mwenye mzigo akikuambia nitue, unamtua, humuulizi anatoka wapi.

Ukungu ukafunika. Ulipofunua, ule mti wa kupimia ulikuwa umelala chini, na Alanus nilimwona ndani ya darubini amesimama wima. Mwenzake sikumwona tena.

Nilikimbia. Nilishuka bonde, nikavuka kijito, nikapanda kilima kile kwa mikono na miguu huku namwita. Nilimkuta ameshika hewa juu ya kichwa chake, magoti yanatetemeka, shingo imedidimia mabegani, na jasho linamtoka katika baridi ile. Kichwani hapakuwa na kitu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nitue. Nakufa."

Nikanyoosha mikono juu ya kichwa chake. Niamini, niligusa kamba. Kamba mbichi yenye maji, na chini yake kitu kigumu kilichofungwa kwa ngozi. Nikavuta kwa nguvu zangu zote na hakikusogea hata kidogo.

Ndipo nilipoamkiwa nyuma yangu. "Kamwene," sauti ikasema, na mdomo wangu ukaitikia wenyewe, maana tumelelewa hivyo. Mtu alikuwa amekaa juu ya mabaki ya lundo, blanketi limechanika, anajikanda shingo taratibu. Hakuwa na hasira. Nafikiri ningeweza kuvumilia hasira. Alikuwa na sura ya mtu aliyepumzika kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikamwomba amwachie kijana wa watu, ana mke mjamzito. Akanijibu kwa Kiswahili cha wapagazi wa zamani. "Kila jiwe walilonipandishia lilinipunguzia mzigo kidogo. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana nitue. Huyu amenirudishia wote, basi na aubebe."

Sikubishana naye. Niliirukia ile bikoni nikang'oa bendera, nikaanza kubomoa kwa mikono. Unajua kubomoa bikoni ya serikali ni kosa gani? Ni jela. Sikulifikiria. Nilibeba jiwe, nikaliweka kwenye lundo, nikasema "Kamwene", nikarudi kuchukua lingine, na kila nilipoweka nilimsikia Alanus anavuta pumzi ndefu zaidi. Mikono yake ikaanza kushuka. Damu ilinitoka kwenye kucha, na nilikuwa nalia kwa sauti.

Lakini chini kabisa ya bikoni mawe yalikuwa yamezama ndani ya saruji, na saruji ilikuwa imeshakamata. Nilipiga teke, nilipiga kwa ule mti wa kupimia mpaka ukavunjika. Lile tako la bikoni halikuachia. Nilipogeuka, juu ya lundo hapakuwa na mtu. Alanus alikuwa amepiga magoti, mikono imeshuka, anatapika maji. Nikamkumbatia na kumshukuru Mungu. Nilidhani yameisha.

Bwana Mpima alipofika na kuiona bikoni, uso ulimwiva. Hakutaka kusikia habari za mpagazi. Akaamuru Alanus asimame palepale na mti mwingine, akashuka mwenyewe hadi kwenye darubini ili angalau kazi ya siku iokolewe. Mimi nilikuwa pembeni yake. Alichungulia muda mrefu. Akafuta kioo, akachungulia tena. Kisha akanyanyuka, akawasha sigara. Nilijua ameona nini: Alanus bado yuko wima. Jioni ile akaamuru tufunge kambi, na mstari wa reli ukahamishiwa mbali na mgongo ule. Baadaye tulisikia tawi lote limefutwa, njia ni ngumu mno. Miaka mingi ikapita, reli ilipokuja kupita Makambako, ilipita ikaenda zake. Njombe hatujasikia honi ya treni mpaka leo.

Alanus nilimrudisha nyumbani. Alikula, alilima, alicheka, ingawa sasa alimaliza kusema kwanza ndipo acheke. Mtoto akazaliwa, na wengine wakafuata. Ila kila jioni akitoka shambani alisimama mlangoni, haingii. Alisimama tu, shingo imekaza, anasubiri. Wiki ya kwanza Salome alimvuta mkono na hakuvutika. Halafu siku moja, bila kufundishwa na mtu, akanyoosha mikono juu ya kichwa cha mumewe, akaishusha mpaka chini kama anayemtua mtu mzigo. Alanus akashusha pumzi, akaingia, akaomba maji ya kunawa. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Salome alimtua mumewe kila jioni ya maisha yao, hata akiwa na homa, hata siku za kujifungua alibebwa mpaka mlangoni. Mimi niliona na nilijua ni nini: ni yale mawe yaliyobaki kwenye saruji. Mvua zilipokatika nilirudi kilimani na nyundo kuyafuata. Nikakuta wenyeji wamekwisha kuling'oa lile tako kwa hasira na kulibiringisha bondeni. Nililitafuta katika matope ya kijito mpaka nikakata tamaa.

Alanus alikufa mzee, kifo cha kawaida, kifua tu. Tulimzika kwa misa nzuri. Siku ya kuondoa matanga Salome alinikalisha na kunitaka nimweleze kilichotokea Kwa Mpagazi, maana miaka yote alikuwa hajaniuliza. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alinisikiliza huku anachagua mawe kwenye maharage. Kisha akaniuliza, "Kaka, uliniletea nani?"

Nikamwambia nilimletea mumewe.

"Mume wangu tumemzika," akasema. "Jana jioni nimesimama mlangoni kwa mazoea tu, nikanyoosha mikono. Imeshika kitu."

Kwa hiyo nakuonya, na usilichukulie jambo hili kama hadithi ya wazee. Ukifika mahali ambapo watu hupanda na jiwe mkononi, na wewe panda na lako. Huna jiwe, weka jani. Na kama umekuja kupima barabara, reli au kiwanja, na umekosa mawe, teremka mtoni ukayafuate, hata kama mkubwa wako ana haraka.

Dada yangu sasa mikono haimpandi tena hadi juu ya kichwa. Jua likikaribia kuzama natembea kutoka kwangu mpaka Mjimwema, nasimama mlangoni kwake nikitazama njiani, naamkia "Kamwene", nanyoosha mikono, namtua mpagazi. Wajukuu wanadhani babu anafanya mazoezi ya viungo. Mzigo wenyewe si mwepesi, na mimi sina miaka mingi iliyobaki. Bado sijampata wa kumwambia kwamba baada yangu itakuwa zamu yake.