Kufunga Mkoba wa Kwenda Shelisheli

Sikiliza kwa utulivu, wewe unayefikiria kwenda visiwani kwa meli, hata kama hujawahi kuiona bahari. Mimi pia nilizaliwa mbali nayo, huko kwenye vilima vya magharibi, na nikajifunza. Wewe pia utajifunza. Mambo yenyewe si magumu. Yanataka tu mtu akubali kwamba jambo jema kwao linaweza kuwa kosa kwa watu wengine.

Katika miaka ya tisini nilikuwa na hoteli ndogo mtaa wa Makadara, karibu na mahakama. Wateja wangu walikuwa makarani, wafanyakazi wa viwandani, na jamaa za watu wenye kesi, ambao walikunywa chai kimya asubuhi na kula kwa kelele mchana, ikitegemea hakimu alivyoamua. Kabla ya hapo nilikuwa mpishi kwenye meli za mizigo zilizotoka Mombasa kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi. Vijana wa mtaa waliniita Kapteni, ingawa usukani wa meli sikuwahi kuugusa.

"Kapteni, niaje? Leo meli imeleta nini?"

"Maharagwe."

"Na jana ilileta nini?"

"Maharagwe."

"Wee! Hii meli haisongi, imekwama!"

Kwa sababu ya jina hilo, mtu yeyote wa mitaa yetu aliyepata kazi ya baharini alielekezwa kwangu. Hawakuwa wengi. Mmoja wao alikuwa fundi wa mitambo kutoka Makongeni, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyekuwa amefanya kazi katika karakana ya reli tangu ujana wake hadi walipopunguza wafanyakazi. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya kazi, na kazi ilipokwisha aliambiwa aanze kutafuta nyumba nyingine. Rafiki yake wa Mombasa alimpatia nafasi katika chumba cha injini cha meli ndogo ya mizigo iliyokuwa ikienda Shelisheli, Komoro na Morisi. Ilikuwa safari moja ya majaribio. Nahodha akiridhika, angempa mkataba. Lakini rafiki huyo alimwonya mapema kwamba nahodha alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa moja: baharia anayemkosanisha na maafisa wa bandari hushushwa katika bandari inayofuata, na nauli ya kurudi kwao anajitafutia mwenyewe.

"Kwa hivyo nisaidie, ndugu yangu," aliniambia. "Injini naijua. Hao maafisa siwajui."

Tulikuwa tukikaa meza ya nyuma baada ya saa za chakula, nikimweleza pole pole. Nilianza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sisi tunatoka upande wa dunia ambako ugonjwa huo upo, na visiwa vile havina wala havitaki kuwa nao. Chanjo huhesabiwa kuwa imeshika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo anayekwenda kuchomwa mkoba ukiwa tayari begani amechelewa. Alikwenda kuchomwa kesho yake.

Kisha bendera. Meli inayoingia kutoka nchi nyingine hupandisha bendera ya njano, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Wanaona wamefika. Wanaona watu, wanasikia muziki, wananusa samaki wa kukaanga, nao wana hamu ya ardhi. Lakini bendera ile inasema kwamba meli bado inaomba ruhusa. Mpaka afisa wa afya, wa uhamiaji na wa forodha wamalize kazi yao, hakuna anayeshuka na hakuna anayepanda.

"Hata kunyoosha miguu hapo chini tu?"

"Hata mguu mmoja."

"Basi ni kama kubisha hodi."

"Ni hodi kabisa. Shida yetu hapa mtaani ni kwamba tunabisha hodi tukiwa tumeshakaa kwenye kochi."

Alicheka, na sikuhitaji kulirudia somo hilo. Tuliendelea hivyo wiki nzima. Komoro ni nchi ya Waislamu, nikamwambia, kwa hivyo akishuka mjini avae shati na suruali ndefu, na Ijumaa mchana asitarajie duka kufunguliwa kwa ajili yake. Salamu zao ataelewa nusu, maana lugha yao ni jamaa ya Kiswahili. Shelisheli wanazungumza Krioli, na ukisema "bonzour", salamu yao, kabla ya kuuliza bei, uso wa muuzaji hufunguka. Dawa zibaki katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Matumbawe na makombe asiokote. Na ile nazi kubwa ya Shelisheli inayouzwa kwa cheti, asiinunue kwa mtu asiye na cheti, hata akipunguziwa bei namna gani.

Tukafika kwenye chakula. Nilimwambia asibebe tunda, nyama, asali, mbegu wala udongo. Hapo alizungusha kikombe chake.

"Na zawadi?"

"Zawadi ya nani?"

"Ya nahodha. Na ya wenyeji wa huko." Akakuna kichwa. "Mama anakuja kutoka nyumbani kuniaga."

Nilielewa mara moja. Kwetu magharibi, mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Hata ukimtembelea dada yako ng'ambo ya mto, unabeba kitu kilichotoka shambani au kilichofugwa uani, na aliyekufunga mzigo ndiye anayehesabiwa kuwa na adabu au kukosa adabu. Mwana akiondoka mikono mitupu, anayeona haya ni mama yake. Nikamwambia Jumamosi nitakuja kwake Makongeni, tufungue mkoba pamoja.

Nilipofika, jogoo mwekundu alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza. Mama alikuwa ameketi kando yake, kilemba kimefungwa vizuri, akiwa bado na viatu vya safari. Nilimwamkia, tukaulizana habari za mvua, kisha nikauliza jogoo ni wa nani.

"Wa nahodha," alisema. "Mwanangu atakaa kwake miezi. Atamlisha bure?"

Mkwe wake, mke wa fundi, akacheka jikoni. "Mama, nimekuambia meli haina mahali pa kufunga kuku."

"Kwani haina mlango? Afungwe mlangoni."

Nilimwomba fundi atoe kila kitu kwenye mkoba na kukiweka kitandani. Nguo zilikuwa chache. Vingine vilikuwa njugu, unga wa wimbi, kumbikumbi waliokaushwa, chupa ya samli, na viazi vitamu ambavyo bado vilikuwa na udongo wa nyumbani. Nikaingiza mkono katika viatu vyake vya kazi, nikakuta soksi tu. Nilianza kutenga, nguo huku, chakula kule. Mama aliniangalia kama mtu anayeangalia mwizi anayefanya kazi yake taratibu.

"Wewe kwenu ni wapi, mwanangu?"

Nikamwambia.

"Na mama yako alikuachilia uende hivyo, mikono ikining'inia?"

"Aliniachilia hivyo, mama. Aliniombea."

"Maskini," alisema, na sikujua anamhurumia nani.

Nilimweleza kwamba sheria za visiwa zinakataza vitu vile. Akauliza sheria gani inayoogopa njugu. Nikamwambia kwamba vikipatikana ndani ya mkoba bila kutajwa, nahodha atatozwa faini na mwanawe atashushwa, na kazi itakuwa imekwisha kabla haijaanza.

"Mtu anayemfukuza mwenzake kwa sababu ya njugu," alisema, "huyo ana shida nyumbani kwake."

Fundi aliinamisha kichwa. Alijua kinachoweza kumpata, lakini hakuweza kumpinga mama yake mbele ya mgeni. Niliona kwamba nikiondoka hivyo, vitu vile vitarudi mkobani kabla sijafika barabarani. Mtu akikataa maelezo yako, usipandishe sauti. Tafuta maelezo mengine, yatoke upande wake.

"Mama," nikamuuliza, "kayongo iliingiaje shambani kwenu?"

Kayongo ni lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini. Upande wetu hakuna mama asiyelijua. Alirekebisha kilemba, akanijibu kwa sauti nyingine.

"Ililetwa na mtu mwema. Mke wa shemeji yangu. Mbegu zangu zilioza, naye akanigawia zake, kikapu kizima, kwa moyo safi. Hatukuona kitu ndani. Msimu uliofuata mahindi yalisimama kama watoto wasiokula. Hadi leo sehemu ile tunapanda mihogo tu."

"Kisiwa ni shamba moja, mama, na pande zote ni maji. Likiingia gugu au mdudu, hawana sehemu nyingine ya kuhamia. Ndiyo maana wanasimama langoni. Hawachukii zawadi yako. Wanaogopa kile usichokiona ndani yake."

Jogoo alikwaruza sakafu.

"Wanamkagua kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata wazungu?"

"Hata nahodha mwenyewe."

"Hapo sawa," alisema, akainuka.

Alinisukuma pembeni kwa upole, akaanza kukagua mkoba mwenyewe. Alipapasa bitana, akageuza mifuko ya koti, akakung'uta fulana moja moja dirishani. Kisha akachukua viatu vile nilivyokwisha kuvikagua. Akatoa soksi, akazifumua, na ndani ya soksi ya kushoto akavuta leso ndogo iliyofungwa fundo gumu. Akaifungua kwa meno. Zilikuwa mbegu za mboga: mrenda, saga na kunde.

"Mama!" fundi akapaza sauti.

"Usinipigie kelele. Reli ilimhamisha baba yako stesheni baada ya stesheni, na hakuna hata moja ambako tulinunua mboga. Nilidhani karibu na bandari hutakosa kipande kidogo cha ardhi."

Hakuwa akitania. Ukitaka kumwelewa, ungeangalia nje ya dirisha lile. Kando ya reli, kila mahali ambapo jembe lingeweza kuingia, palikuwa na kunde, sukumawiki na mahindi, kazi ya wake za watu wa reli waliofika na mbegu zao kwenye leso. Desturi hiyo iliwalisha watoto popote baba zao walipopelekwa. Lakini katika lango la kisiwa, fundo lile dogo lingeonekana kama mbegu zilizofichwa makusudi, na hakuna maelezo ambayo yangemwokoa fundi mbele ya nahodha wake.

Mama alimpa mkwe wake leso. "Panda hapa uani kabla hawajawahamisha." Kisha akageuza viatu, akaangalia nyayo zake. "Na huu udongo?"

"Huo pia, mama."

Akaomba kisu, akaukwangua wote, akaziosha nyayo kwa maji na sabuni hadi mishono ikaonekana. Tangu hapo hakuna afisa wa forodha niliyemfahamu ambaye angeweza kumshinda.

Lakini suala la mikono mitupu lilikuwa bado, na nililiona usoni mwake. Mkwe wake ndiye aliyelimaliza. Alitoa kwenye kochi kitambaa cheupe alichokuwa amekishona kwa sindano ya kroshia, kipya, safi, hakina jani wala mbegu. "Hiki wanakubali?" akaniuliza. Nikamwambia hicho wanakubali, mumewe akionyeshe tu akiulizwa. Mama akakikunja mwenyewe, akakiweka juu kabisa mkobani. Jogoo akachinjwa, nikampika mimi, na majirani wakaitwa. Njugu zilikwisha kabla ya nyama kuiva.

Fundi alirudi likizo baada ya miezi mingi, akaja moja kwa moja hotelini. Vijana wangu walimzunguka.

"Buda, umeona papa?"

"Nimeona afisa wa forodha. Papa ni mpole."

Alitueleza kwamba bandari ya kwanza walikagua mikoba yote, mmoja baada ya mwingine. Mwenzake wa chumbani alikutwa na maembe mawili ndani ya koti, akashushwa bandari iliyofuata akiwa analia. Mkoba wa fundi ulimwagwa mezani, soksi zikafumuliwa, viatu vikageuzwa. Afisa alitazama nyayo kwa muda, akauliza ni nani aliyezisafisha namna ile. Mkataba alikuwa nao tayari, na mkewe alikuwa amepata vyumba viwili mtaa wa Maringo.

"Na mama anasemaje?" nikamuuliza.

"Mama anauliza watu wa huko wanakula mboga gani."

Basi, fanya hivi. Siku moja kabla ya kuondoka, mwaga vitu vyako vyote kitandani mchana, kukiwa na mwanga. Mwite kila aliyekusaidia kufunga, umuulize ameweka nini na wapi, bila kumkasirikia. Fumua soksi, geuza mifuko, kwangua nyayo za viatu na uzioshe. Kilichotoka shambani kibaki nyumbani. Halafu ufunge mkoba wewe mwenyewe, kwa mikono yako, na usimpe mtu mwingine aufungue tena.