Mume wangu anaoa kwenye tamthilia, mimi nimefanywa wifi

Ndugu zangu wa ukurasa huu, asalaam aleikum. Nimemwomba admin anifichie jina kwa sababu huku kwetu tunajuana mlango kwa mlango. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, naishi Ikwiriri, nauza mchele na ufuta sokoni, nina binti mmoja wa miaka mitano, hapa nitamwita Nasra. Mume wangu ni mwigizaji. Wengi wenu mnamuona kila jioni kwenye TV, ila hamjui kama ana mke, na hilo ndilo linaloniumiza.

Alinioa akiwa bado anapiga debe stendi. Baadaye akaenda Dar kujaribu bahati, akapewa nafasi ndogo kwenye tamthilia. Siku ya kwanza kuonekana, chumba changu kilijaa majirani hadi mlangoni. Furaha haikudumu. Kituo kingine cha TV kikaleta tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, saa ile ile, watu wakahamia huko. Hata hapa stendi, mwenye banda la video akiweka ile ya mume wangu watu wanapiga kelele mpaka abadilishe. Mume wangu akanipigia kwa unyonge, akasema, "Mama Nasra, bosi ametuambia watazamaji wakiendelea kupungua hivi, tunafungiwa."

Ndipo wakamtafutia mpenzi. Huyo dada nitamwita Zuhura, ni binti wa Tanga, mzuri, sitamnyima haki yake. Mume wangu alipoanza kumpenda kwenye tamthilia, watu wakarudi. Wakigombana, watazamaji wanashuka. Wakipatana, wanapanda. Bosi wao akaona kumbe mali ni hii, akawaagiza waonekane pamoja hata nje ya kazi, wapige picha, watu waamini. Mume wangu akaambiwa asitaje kama ana mke. Mimi nikamwambia sawa, ni riziki. Lakini nilipoona kipande cha video anampulizia Zuhura chai ipoe, usingizi ulipaa. Mimi nilipojifungua Nasra, chai nilijipulizia mwenyewe.

Wivu ukanifanya nigeuke mpiga kampeni wa kituo cha pili. Sokoni nikawa nawasimulia wenzangu ile ya Kituruki kwa utamu wote, ili wasitazame ya mume wangu. Kuna siku nilipigiwa na dada wa kampuni inayopima watazamaji, akaniuliza kwa adabu jana jioni nyumbani kwangu tulitazama nini. Nikamjibu, "Sisi na mtaa mzima tulitazama ya Kituruki." Nilimwombea mume wangu afukuzwe kazi ili arudi nyumbani. Dua yangu haikupokelewa, wakazidi kupanda.

Mwezi uliopita walikuja kurekodi kijijini Mkongo, nyumbani kwa mama mkwe. Kabla hawajafika, mume wangu alinikalisha chini, akasema, "Wakija, wewe ni dada yangu. Siku mbili tu. Zuhura mwenyewe hajui, na bosi hataki ajue, atashindwa kuigiza." Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akasema, "Aniite mjomba." Basi mwanangu akafundishwa kumwita baba yake mjomba. Majirani waliombwa wafunge midomo, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuonekana kwenye TV, waliifunga.

Mimi ndiye niliyewapikia. Nikawaungia perege kwa nazi, nikawatilia maji ya kunawa, mume wangu ananiita "dada" mbele ya watu kama amezoea. Nasra alikosea mara moja akamwita "mjomba baba", Zuhura akacheka, akamvuta akampakata. Mtoto wa watu hana ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza.

Siku ya pili alinifuata jikoni, akachukua kisu akaanza kunisaidia kukata vitunguu. Akaniambia taratibu, "Wifi, nataka nikushukuru. Kaka yako alipoleta posa kwetu niliogopa, nikajua ni mambo ya tamthilia tu. Lakini baba amepokea mahari, na nikah itafungwa kweli, na kwenye TV itaonyeshwa hiyo hiyo. Bosi wetu anasema siku hiyo hakuna atakayetazama kituo kingine." Nilijisikia kama nimekanyaga pasipo na ardhi. Nikamwambia, "Hongera," nikainama kupuliza moto.

Walipoondoka nikamuuliza mama mkwe kama alijua. Aliendelea kuchambua kisamvu, hakuninyanyulia macho. Mwisho akasema, "Mume ni wako, mwanangu, hata wakiwa wawili."

Ndugu zangu, dini inamruhusu, siwezi kumkatalia. Angekuja akaniambia ningelia, kisha ningetulia. Lakini mke mwenza hujulikana kuwa ni mke. Mimi nitakuwa nani? Nikimpigia mume wangu ananiambia, "Ni igizo, usisikilize maneno ya watu," na hajui kuwa maneno yenyewe nimeyatoa mdomoni kwa bibi harusi. Nikimwambia Zuhura ukweli, najua ataondoka, tamthilia itakufa, na mkate wa mwanangu utakufa nayo. Nikinyamaza, Nasra atakua akimwita baba yake mjomba.

Jana Zuhura alinitumia ujumbe. Anasema mama yake alishafariki, hana dada, anaomba mimi ndiye nimshike mkono nimtoe nje siku ya harusi. Kitambaa cha sare ya mawifi kimeshafika kwa basi, kipo kitandani hapa nilipokaa, na fundi anataka vipimo vyangu leo. Niambieni, nyinyi mnaojua kupenda na mnaojua kuumia: nimwambie mimi ni nani, au nikapimwe sare?